Nyayo za Ndovu

Hapo zamani za kale, wanangu, kabla kitambi changu hiki hakijazaliwa, Ndovu, Nyati na Mama Pimbi walikuwa majirani. Mwaka mmoja Simba alipita, akanguruma mara moja, nguuu! akaenda zake. Tangu hapo, miaka saba, Ndovu na Nyati hawana kazi ila kujenga boma la miiba.

Mama Pimbi alikuwa na lake. Kitinda mimba wake alikuwa ameponea chupuchupu homa ya masika, amebaki macho na masikio. Homa ya pili isingemwacha.

Mama Pimbi akawa anazunguka uani, anachungulia. Kila alipokanyaga Ndovu pana shimo, na kila shimo lina maji ya mvua. Mna nini humo? Ajabu! Viluwiluwi vinacheza ngoma. Akarudi kila asubuhi kuvitazama, hata siku moja vikaota mabawa: zzzii!

Akakimbia bomani. “Shemeji Ndovu, tufukie nyayo zako. Mbu wanazaliwa humo.”

“Mbu!” Ndovu akacheka, masikio pwaa! pwaa! “Na ngozi hii nimwogope mbu?”

“Masika haya tumezika watoto watano.”

“Homa hiyo, mama,” akasema Nyati. “Tumeizoea. Simba je?”

“Simba ameua wangapi?”

Ndovu akaokota miiba mingine.

“Bado,” akasema Nyati. “Ndiyo maana tunamwogopa.”

Mama Pimbi akashika njia, kisha akageuka kama aliyesahau kitu. “Haya, jengeni. Ila Simba wa siku hizi anafuata nyayo. Akiona shimo kubwa lenye maji, husema, ‘Mnono kapita hapa,’ akalifuata mpaka kitandani.”

“Lahaula!” Ndovu akabwaga miiba, puu! “Nyati, jembe!”

Jua halijachwa, hapakuwa na shimo hata moja toka kisimani hadi mlangoni kwa Mama Pimbi.

Mwezi ukapita. Kitinda mimba akanenepa, akaanza kuiba karanga.

Ndovu akaja, uso umemkunjamana. “Shemeji, nasikia Simba hafuati mashimo. Ulinidanganya?”

“Nilikudanganya, shemeji.”

“Na mbona hakuna mtoto aliyeugua tena?”

“Kichwa chote hicho, unaniuliza mimi?”

Mvua ikaanza, pa, pa, pa. Ndovu akapiga hatua moja, akageuka, akautazama unyayo wake ukijaa maji. Akatazama kwa muda mrefu.

Kisha akaenda kuchukua jembe, bila kuambiwa.

Basi wanangu, anayekesha akimngoja simba, mbu humla yu macho.