Mbaruku na Wali wa Jani la Mgomba

Paukwa!
—Pakawa!
Pakawa nini?
—Pakawa sahani!
Imejaa au tupu?
—Ikirudi tutaiona!

Haya, kaeni vizuri. Na wewe uliye nyuma acha kutafuna, ngano hii ni ya chakula, utaitia wivu.

Hapo zamani, chumvi ilipokuwa bado inajua kazi yake, palikuwa na mji uitwao Funguni, na katika mji huo palikuwa na mtu akiitwa Mbaruku. Mbaruku alikuwa ametembea. Msiniulize wapi, atawaambia mwenyewe hata mkiziba masikio. Alizunguka bandari saba, akarudi na masanduku matatu na mdomo mmoja, na mdomo ndio uliowashinda wachukuzi. Nami nimetembea, jamani, nikarudi na kikohozi, kwa hiyo simcheki sana.

Siku aliyorudi, dada yake, Bi Shemsa, alimpikia pilau. Wali chembe chembe, harufu imefika msikitini kabla ya imamu. Mbaruku akaonja, akakunja uso.

"Kule Maskati," akasema, "pilau kama hii huwapa bata."

"Na bata wa huko wanashukuru?" akauliza dada yake.

Mbaruku akaendelea kula. Hakusema bismillahi alipoanza, hakusema alhamdulillahi alipomaliza. Ya nini? Mtu aliyeona misikiti ya bandari saba ahangaike na dua za Funguni?

Asubuhi akaamka, ulimi umekufa. Akala mkate: unga wa mbao. Akala samaki: unga wa mbao. Akala halua. Halua, ndugu zangu! Unga wa mbao. Mwezi wa kwanza akapungua, wa pili akakonda, wa tatu kanzu ikawa ndiyo inayomvaa yeye. Waganga wakamsagia magome ya miti, akayasifu: angalau hayo yalikuwa mbao kweli.

"Dada, ninakufa," akasema. "Huyo Mungu wenu amenisahau."

"Atakusahau vipi, na kelele zote hizo?" Bi Shemsa akaweka mwiko chini. "Kaka, ulimi wako hauumwi, umenuna. Haujasikia shukrani tangu uanze kusafiri. Kila Ijumaa sisi wanawake wa mtaa huu tunazipikia nyumba zilizokwama. Mpishi yupo, mbebaji hatuna. Njoo ubebe."

"Mimi? Niliyepandishwa farasi Basra?"

"Basi kafe kwa heshima. Farasi atakuja kukuzika."

Mbaruku akaangalia mifupa ya mikono yake. Akakubali.

Sasa sikilizeni akili ya msafiri. Pale Funguni, kama kwenu, sahani ya jirani hairudi tupu. Ukipelekewa wali, unairudisha na ndimu, au fungu la mchicha, au hata chumvi kidogo. Mbaruku akawaza: sahani zikienda, zitarudi, zikirudi, zitaniletea mchicha wa maskini. Nina shida gani na mchicha? Akakata majani ya mgomba, akapakulia wali humo. Kula, tupa, kwisha! Akajiona kama aliyevumbua moto.

Ijumaa ya kwanza akaenda kwa Mzee Kombo, kipofu. Akaingia bila hodi.

"Ni mimi Mbaruku! Nimekuletea!"

Mzee akapapasa. Vidole vikatafuta ukingo wa sahani, visiupate. Akasema ahsante kama mtu anayemeza mwiba. Mbaruku akakimbia nyumbani, akaonja wali. Unga wa mbao.

Ijumaa ya pili akaenda kwa Faki seremala, aliyeanguka kutoka juu ya paa akavunjika mguu. Akaingia bila hodi.

"Ni mimi Mbaruku! Nimekuletea!"

Faki akaangalia jani, akaangalia sakafu. Ahsante. Mbaruku mbio nyumbani. Unga wa mbao, safari hii na misumari yake.

Ijumaa ya tatu akaenda kwa Mwanahawa, mjane msuka mikeka, mwenye watoto wanne. Akaingia bila hodi.

"Ni mimi Mbaruku! Nime..."

"Sahani iko wapi?" akauliza Mwanahawa, ukili bado uko mkononi.

"Sahani ya nini, bibi? Nimekurahisishia. Mle, mtupe."

"Nikishatupa, nitakurudishia nini, na ndani ya nini?"

"Hunirudishii kitu. Wewe una nini?"

Watoto wanne waliokuwa wakiukodolea macho wali wakamgeukia mama yao. Mwanahawa akasimama.

"Chukua wali wako, kaka. Njaa tumeizoea, na tena njaa hubisha hodi. Leo wanangu watalala njaa, kesho wataamka. Wakilala ombaomba, kesho wataamka akina nani?"

Mbaruku akatoka na wali wake, samli inamchuruzika hadi kwenye viwiko. Njia nzima alinung'unika. Maskini jeuri! Kule Adeni maskini wana adabu!

Adeni. Hapo miguu ikasita.

Kule Adeni, nani alimlisha alipougua homa? Mchukuzi mmoja wa bandarini, Salmini, siku arobaini. Kule Maskati? Bibi muuza kahawa. Ile pilau ya huko aliyoitukuza mbele ya dada yake, ilikuwa ya huyo bibi, aliipika kwa ajili yake. Kule Basra? Mwenye farasi. Bandari saba Mbaruku alikula sahani za watu, na hakuna hata moja aliyoirudisha na kitu. Wala neno. Na alikuwa akijiita mjanja! Nani aliyekuwa akimtangulia kila bandari, akimwandalia? Mbaruku akaangalia juu, akaangalia chini haraka, kwa aibu.

Akaingia jikoni kwa dada yake.

"Shemsa, nipe sahani ya mama."

"Ile ya maua? Haijashuka rafuni tangu uondoke." Akamtazama, akamwona macho. Hakutania. Akaishusha.

Mbaruku akapakua wali, akafunika kawa, akarudi kwa Mwanahawa. Mlangoni akasimama.

"Hodi!" Kimya. "Hodi!" Kimya. "Hodi, dada yangu. Nilikosea."

"Karibu," akasema Mwanahawa.

Watoto wakala, masikini, hadi wakasahau kugombana. Mbaruku akakaa barazani, hakuutaja mji wowote. Mwanahawa akaiosha sahani, akaenda jikoni, akakawia. Alipotoka, juu ya sahani kulikuwa na kipande cha muhogo wa kuchoma, kimeungua upande mmoja.

"Ndicho kilichokuwepo," akasema.

Nanyi mnajua kilikuwa chakula cha nani kesho yake. Mbaruku naye alijua. "Bismillahi," akasema, kwa sauti ngeni, akauma upande ulioungua.

Akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Chungu!" akapiga kelele. "Jamani, chungu! Alhamdulillahi, chungu!"

"Wewe mtu, unautukana muhogo wangu?"

"Chungu, dada yangu! Mungu wangu, chungu kabisa!" Machozi yakamdondoka. Akauma tena, katikati. Hapo akanyamaza. Mbaruku, akanyamaza! Katikati palikuwa patamu.

Ijumaa iliyofuata Mzee Kombo na Faki waliletewa sahani, na hodi tatu tatu. Mbaruku akarudi msikitini pia, akashika safu ya nyuma, karibu na viatu. Alikuwa na mengi ya kusema na hakutaka kusikiwa. Wanawake wa mtaa, kwa huruma yao, wakampandisha cheo: akawa muosha masufuria.

Na sahani ya maua haijapumzika. Ikienda na wali, inarudi na ndimu. Ikirudi na ndimu, inakwenda na samaki. Bandari saba Mbaruku bado anazisimulia, tutafanyaje? Ila siku hizi anaanza na majina ya waliomlisha, na akimfikia Salmini wa Adeni hukohoa kidogo, akasema moshi umemwingia.

Ngano yangu nimeipakua. Palipo patamu gawaneni, palipoungua niachieni mpishi. Na sahani yangu mnirudishie.

Mnajua namna.