Kurasa Tatu na Kiti cha Mshenga

Hapo zamani, si zamani ya babu bali ya juzijuzi tu, foleni ya malori mpakani Tunduma ikiwa ndefu kuliko ndoa nyingi, dereva Mashauri alikutwa analia.

Mtu mzima wa miaka hamsini na tatu! Kitambi mbele, upara juu, Lusaka anaijua, Lubumbashi anaijua, Bujumbura anadaiwa salamu. Kauinamia usukani, mabega yanaruka, na mbele yake malori sita yameshasogea.

Dereva wa nyuma yake, Sichone, akapiga honi. Lori halikusogea. Akashuka, akachungulia, akaona machozi. Hakuuliza. Akaitangazia foleni nzima: "Mashauri kafiwa!"

Basi wakaja. Akaja wa kwanza, pole. Akaja wa pili, pole. Akaja wa tatu na wimbo wa msiba, wengine wakaupokea. Akaja pia Bi Atuganile, mjane anayeuza uji kando ya barabara, kikombe cha moto mkononi.

"Pole, kaka. Nani katutoka?"

Mashauri akainua kitabu. Kitabu cha mapenzi, jalada lina mwanamume aliyesahau shati.

"Hajafa mtu, dada. Stella kapanda basi, yule tajiri yuko njiani anamkimbilia, na kurasa tatu za mwisho hazipo!"

Foleni ilicheka hadi Zambia wakasikia. Bi Atuganile hakucheka.

"Mwisho wake naujua," alisema. "Kunywa uji kwanza."

Akamsimulia kidogo, akakatiza, wateja wanasubiri. Safari ya pili akasimulia kidogo, akakatiza. Safari ya tatu vivyo hivyo. Ajabu ni kwamba kila safari tajiri alizidi kuchelewa, na dereva wa lile basi, mtu wa makamo mwenye upara, alizidi kupata maneno ya kusema.

Katikati wakabishana. Mashauri, ambaye nyuma ya kiti chake alificha vitabu arobaini vya aina hiyo, alivitetea vyote: maadui wanaotukanana ukurasa wa kumi na kuoana ukurasa wa mia mbili, wachumba wa kuigiza wanaonasa kweli, hata ile gesti ambayo siku zote imebakiza chumba kimoja chenye kitanda kimoja.

"Ingawa mimi nimelala gesti za nchi sita," alikiri, "na kitanda kimoja nimegawana na kunguni tu."

"Na hao matajiri wenu," akasema Bi Atuganile, "kifua kama ukuta, lakini mdomo umefungwa! Mpaka mwanamke apande basi ndipo wakumbuke kusema. Mapema walikuwa wapi?"

Mashauri akamaliza uji, akaondoa lori. Safari ya saba akasema la moyoni. Kwa mtu kama yeye, hiyo ilikuwa mapema.

Harusi ikafika. Kwa desturi mshenga, yule aliyewakutanisha wawili, hukaa kando ya bwana harusi na kuwekewa paja la mbuzi. Kiti kipo, paja lipo, mshenga hayupo. Watatu wakakisogelea.

Silwimba, muuza vitabu vya mtumba, akasema: "Kitabu nilikuuzia mimi. Nilijua hakina mwisho, nikakuuzia hivyohivyo. Bila mimi ungelia nini?"

Mama Nzunda, muuza karanga, akasema: "Tena huo mwisho niliuchana mimi, nikafungia karanga. Kingekuwa kizima ungesoma, ungekifunga, ungeondoa lori. Bila mimi ungemuuliza nani nini?"

Sichone akasema: "Na msiba niliutangaza mimi, wa uongo mtupu. Bila mimi uji ungekufikiaje?"

Mashauri akawatazama. Mmoja alimpunja, mmoja alimharibia, mmoja alimzushia. Wote walimkosea, na wote aliwashukuru. Akimkalisha mmoja atawanunisha wawili, na mtu aliyeishi barabarani miaka thelathini hana marafiki wa kuchezea. Vitabu arobaini havikumsaidia. Vyote huishia pale harusi inapoanza.

"Jamani," akawageukia waalikwa, "hawa watatu wamenikosea mpaka nimepata mke. Nisaidieni. Nimpe nani kiti?"

"Mwenye kitabu!" wakapiga kelele huku. "Mwenye karanga!" wakapiga kelele kule. "Mwenye honi!" wakajibu madereva, na walikuwa wengi.

Nanyi mnaosikiliza, je, nani alistahili? Semeni upesi, kwa sababu bibi harusi ameshainuka, amekusanya gauni lake, amekaa kwenye kiti cha mshenga na kulivuta lile paja.

"Kile kitabu sijakisoma hata ukurasa mmoja," alisema Bi Atuganile. "Leteni chumvi."