Mto wa Usufi na Vita vya Masultani Saba

Alikuwepo katika mji wa Mardhia Sultani aliyeitwa Rajabu bin Sudi, nami nawahadithieni habari zake kama nilivyozipokea, na anayetaka kubisha asubiri nimalize, maana nikikatizwa huwa nasahau nilipofika. Sultani huyu alikuwa na enzi na majumba na farasi wa kila rangi, na alikuwa na pete ya yakuti aliyorithi kwa mababu zake, na ndani ya yakuti alifungwa jini jina lake Zohali, mrefu kuliko mnara wa msikiti. Sharti la pete lilikuwa moja: mwenye kuivaa aseme "Hapana" kwa moyo wake wote, na hapo jini hutoka kumtumikia. Lakini nguvu za jini zilitokana na ardhi ya Mardhia, na ardhi ikipungua, naye hupungua. Sasa tazameni mambo ya dunia. Pete hiyo ilimwangukia mtu mpole, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kumkatalia mtu chochote.

Jirani yake alikuwa Sultani Harubu wa Kishindo, mtu wa mabega mapana na kicheko cha kutikisa milango. Siku moja Harubu aliliacha jeshi lake nje ya lango, akaingia barazani, akampiga Sultani Rajabu mgongoni hata kilemba kikamkaa upande.

"Mtani wangu," akasema, "babu yangu na babu yako walikuwa watani. Nimepita mji wako wa Chumvini nikaona watu wake wanacheka kama watu wangu. Basi nimeuchukua."

Na ninyi mnajua utani ulivyo. Mtani akikuvua kofia, au akila chakula chako mbele ya macho yako, huna ruhusa ya kununa, na ukinuna umeuaibisha ukoo mzima. Sultani akamtazama waziri wake, na Waziri Latifu, aliyelipwa kwa kulainisha mambo, akainama akasema, "Maulana, huu ni utani tu. Tukicheka yatakwisha."

Basi wakacheka. Askari wa Harubu wakaingia Chumvini, na wenyeji wakatoka na magodoro yao kichwani, na hao hawakucheka.

Jini akagonga yakuti kwa ndani. "Maulana, sema neno. Leo ni kazi ya kidole kimoja." Sultani akaigeuza pete upande wa kiganja ili asimsikie vizuri.

Harubu akarudi akachukua Bonde la Tende, akarudi tena akachukua Ngome ya Mawe, na kila mara alicheka na kila mara akachekewa. Masultani wengine watano wa dunia ile walipopata habari, walisema kwamba utani wa Harubu na Rajabu hauwahusu, wakaagiza kahawa. Na sauti ya jini ndani ya pete ikawa ya mtu mwenye mafua, kisha ikawa ya mbu.

Mara ya nne Harubu akautaka mji wa Ndimuni. Waziri Latifu akaenda kambini kwake, akarudi anapunga leso ya hariri juu ya farasi. "Maulana, lala usingizi. Harubu ameapa kwa ndevu zake kwamba huu ndio mji wa mwisho, na amenipa leso yake iwe ushahidi." Watu wa Mardhia wakaipigia ngoma leso ile, wakaitembeza mitaani, wakaifukiza udi. Leso, jamani.

Lakini Ndimuni ulikuwa mji wa Bibi Thuraya, mjukuu wa Sultani. Aliachiwa mji huo na marehemu mama yake, na mama yake alizikwa huko chini ya mindimu, na akida wa lango la mji huo, Faraji bin Mbaruku, ndiye mchumba wake. Thuraya akaingia kwa babu yake bila kubisha hodi.

"Karibu, mke wangu," akasema Sultani, kama mababu wanavyowatania wajukuu zao. "Mbona uso umekunjamana?"

"Sijambo, mume wangu. Nimekuja kukutania."

Akamvua kilemba akakivaa yeye. Sultani akacheka. Akachukua viatu vyake akavitupa dirishani, na Sultani akacheka, ingawa kidogo. Akanywa kahawa yake yote. Kisha akaushika ule mto wa usufi alioukalia Sultani, mto laini ambao makalio yake yalikuwa yameuzoea miaka mingi, akauvuta.

"Hapana!" akanguruma Sultani Rajabu.

Thuraya akasimama na mto mkononi, na machozi yakamtoka.

"Kumbe neno unalijua, Babu. Umetoa miji mitatu yenye watu ndani, na makaburi ndani, hukulikumbuka. Umelikumbuka kwa mto."

Sultani akaona aibu ambayo hajapata kuiona. Na pale pale pete ikafuka moshi, akatoka Zohali, na Zohali alikuwa na kimo cha jogoo.

"Labeka, Maulana," akasema, akikohoa. "Nimesikia unanyang'anywa mto."

"Ni Ndimuni," akasema Sultani. "Zuia Ndimuni usichukuliwe."

"Kwa mwili huu? Mimi sasa naweza kupeleka salamu tu."

Basi akampelekea Harubu neno la "Hapana", kisha akapeleka salamu kwa masultani watano, na akawakuta wamekwisha kuamka, maana Harubu aliposikia amekataliwa alinuna, yeye mwenye utani wake, akawavamia wote kwa pamoja. Vita vikaenea dunia nzima. Mindimu ya Ndimuni ikaungua, na vijana waliopanga kuoa wakazikwa, na Faraji akalishikilia lango hata akapoteza mkono wa kushoto. Kila mji uliokombolewa jini alirefuka kidogo, hata siku ya mwisho akamwinua Harubu kwa mshipi wa suruali, akamweka kwenye kisiwa cha kima, awatanie hao.

Ikafuata harusi ya Thuraya na Faraji, harusi ya dhahabu na manukato, na jini mwenyewe alibeba masinia. Lakini ile mikeka iliyotandikwa kwa ajili ya watu wa Ndimuni ilikuwa na nafasi kubwa katikati. Sultani Shabani wa Mlimani, mmoja wa wale watano, aliyepigana upande wao, akamwegemea Sultani Rajabu akicheka.

"Mtani, kile kisima chako cha mpakani kimenipendeza. Nadhani nitakichukua."

Waziri Latifu akafumbua kinywa kulainisha. Sultani Rajabu akatangulia.

"Hapana," akasema, kwa sauti ya kawaida.

Sultani Shabani akajikuna kidevu. "Haya," akasema. "Basi nisogezee halua."

Sultani akamsogezea. Kisha akaitazama mikeka ile. "Thuraya," akasema polepole, "ilikuwa hivi tu? Tangu Chumvini, ilikuwa hivi tu?"

Thuraya akamshika mkono.

Hekaya yangu imefika ukingoni. Mwenye kutaka funzo ajue kwamba asiyemkatalia mtu siku ya kwanza, akiwa na jini wa kimo cha mnara, atamkatalia siku ya mwisho akiwa na jogoo, na gharama italipwa na watu ambao hawakuwepo barazani. Sasa nileteeni kahawa, na mto wangu msiuguse.