Kwa Nini Kiuno cha Mtu Huuma

Chekeni tu, wajukuu zangu, mnavyoniona nikishika kiuno kila ninapoinuka. Kiuno hiki kina kisa chake, na si kisa kizuri.

Zamani mtu alikwenda kwa miguu minne kama ng'ombe. Mgongo wake ulilala kama boriti juu ya nguzo nne, wala hakujua unauma vipi. Mtoto wa mtu alizaliwa asubuhi, na jioni alikuwa akikimbia nyuma ya mama yake. Maji waliyafuata mtoni wakayanywa kwa mdomo. Aliyeshindwa kufika mtoni aliachwa afe. Ndivyo walivyozoea, na hawakuona haya.

Basi mama yake Nyamizi akaugua, akashindwa kuinuka. Nyamizi, binti yake wa pekee, akakataa kumwacha. Akajaza kibuyu, akasimama kwa miguu ya nyuma, akakishika kwa mikono miwili, akaenda akipepesuka.

Njia ilipita katikati ya kijiji, na ilikuwa mwiko kumpita mkubwa ukiwa na kitu cha kunywa bila kumkaribisha. Nyamizi akakaribisha. Mzee Lubango akanywa, mkewe akanywa, jirani yao akanywa, mpaka kibuyu kikakauka. Na miguu yao yote ilikuwa mizima! Nyamizi akarudi mtoni. Safari hii wakamngoja njiani na vibuyu vyao.

"Maadamu wewe unaweza kusimama, mwanangu," alisema Lubango, "nijazie na changu."

"Mama ananingoja, baba."

"Amengoja tangu jana. Kwani sisi si wazazi wako?"

Adabu ikamfunga mdomo. Akawatekea wote, kibuyu kimoja kichwani na viwili mikononi, mpaka jua likawa utosini. Alipomfikia mama yake alimkuta amekufa, midomo imepasuka kwa kiu.

Alitaka kushuka kwa miguu minne amlalie kifuani. Mgongo ulikuwa umekaza, haukushuka tena. Nyonga nazo zilikuwa zimebana, na watoto aliowazaa baadaye walitoka kwa uchungu mkali, kabla miguu yao haijakomaa. Wenzake nao wakajifunza kusimama, si ili wabebe, bali wapate kumwona akija na maji.

Na tangu siku hiyo mtu hutembea wima, kiuno humuuma, na mtoto wake hukaa mwaka mzima bila kutembea. Na anayeonekana anaweza kubeba ndiye anayeongezewa. Mama yangu mwenyewe alikata roho nikiwa kisimani, nikiwatekea wageni waliokuja kumjulia hali.