Nguzo Kabla ya Jembe

Nakijwa alirithi kwa baba yake nyumba yenye ufa. Mzee aliijenga kwa pupa, binti akiwa bado ananyonya, na pembe moja akaiweka juu ya kisiki alichoona uvivu kuking'oa. Kisiki kikaoza chini kwa chini. Binti akakua, akaolewa, akafiwa na mume, akarudi kulala chini ya ufa uleule. Kila masika alikuwa akiusikiliza ukuta, akiogopa kwamba utamwangukia, naye hana pengine pa kwenda.

Akamwita Kiondo. Tusimwonee huyu Kiondo, alikuwa fundi kweli. Lipu yake ilikuwa laini hadi wapita njia walisimama kuipapasa. Na huruma alikuwa nayo. Aliuona ule ufa akasikitika kabisa. Ila kazi ya misingi hakuwahi kujifunza. Angesema hivyo, mambo yangeishia hapo. Hakusema. Alikuwa amesikia mahali kwamba ubovu hufuatwa kwenye chanzo chake, basi akashika jembe, akafukua ile pembe bila kuegemeza paa hata kwa mti mmoja. Nakijwa alipomwambia ukuta unalia, akajibiwa awe jasiri, ndivyo kupona kunavyoanza. Kabla ya jioni ukuta ulikuwa umeanguka pamoja na nusu ya paa.

Nakijwa alitoka mzima, tushukuru. Akahamia jikoni, kwenye moshi, akaapa kwamba hakuna fundi atakayekanyaga tena kwake. Na unadhani alimlaumu nani? Aliilaumu nyumba, kisha akajilaumu mwenyewe kwa uoga wake. Hilo ndilo linaloniuma kuliko ukuta.

Kiondo hakulala kwa aibu. Alivuka mlima akamleta Mshana, mtu aliyefunzwa misingi na mafundi waliomtangulia, na hilo tumhesabie. Mshana alikuja mikono mitupu, akaketi uani, akauliza, "Mama, kabla sijagusa kitu, nionyeshe chumba ambacho ukilala unapata usingizi."

Nakijwa hakuwahi kuulizwa hivyo na mtu. Kiapo kikamlegea, akamwonyesha chumba kidogo cha nyuma. Mshana akaanzia huko, akakiimarisha, akamrudisha mwenye nyumba ndani. Ndipo akakata miti ya nguzo akaegemeza paa lote lililobaki. Mwisho kabisa akachimba, kipande kidogo, akatoa kisiki kilichooza, akashindilia mawe, akangoja yakae, ndipo akauinua ukuta na paa upya. Nakijwa akisema leo basi, jembe linawekwa chini. Majirani wakamwita Mshana mvivu. Kiondo alikuwa kando yake akikanda udongo, macho yote kwenye ile pembe, na safari hii anauliza asilolijua.

Masika ikaja, na ilikuja kwa hasira. Maji yalishuka mlimani yakibeba mawe. Nakijwa alijilaza kwenye chumba chake cha zamani, chenye ile pembe, akatega sikio kwa mazoea. Ukuta ukanyamaza. Usingizi ukamchukua, ule usingizi mzito wa mtoto aliyeshiba, na alipozinduka jua lilikuwa kitandani kwake. Akacheka peke yake kwa sauti. Kisha akafungua milango yote, akawaita majirani waje kunywa uji ndani, karibu na ile pembe.

Basi wewe unayeitwa kwenye nyumba ya mtu, jembe mkononi na huruma tele moyoni: nguzo umekuja nazo?