Sauti ya Mwanamize Darini

Alikuwako katika mji wa Shangamu sultani aliyeitwa Muhsini bin Hazali, na dari za jumba lake zilikuwa za chokaa, na chokaa hiyo ilipigwa siku tatu kwa virungu vya wanawake arobaini, wote wakipiga pamoja kwa wimbo, maana pigo moja likitangulia, dari hupasuka. Kiongozi wao wa wimbo, Mwanamize, akafariki, na sultani akamweka mumewe, Badawi fundi mawe, mahali pake. Badawi akaimba kwa kasi ya wenye nguvu, na dari ikapasuka; akaongeza kasi na ukali, ikapasuka tena. Sultani akaapa kwamba ikipasuka mara ya tatu kundi lile litavunjwa na kazi watapewa wageni.

Badawi akasugua pete ya babu yake, na jini akatokea, na Badawi akamwomba amrudishie mkewe.

"Bwana wangu, mwenye sauti siwezi kumrudisha," jini akasema, "lakini sauti yake naiweza. Ukitaka uisikie peke yako, utakuwa nayo mpaka ufe. Ukitaka isikike darini, ni siku moja, kisha hata wewe hutaikumbuka."

Siku mbili Badawi hakula, kwa kuwa hakutamani kitu duniani ila sauti ile. Siku ya tatu akawaona wanawake mlangoni pake, wameshika virungu, wanangoja. Akasema, "Darini."

Basi sauti ikaimba, na wanawake wakapiga huku wakilia. Katikati ya ubeti ikanyamaza, ikauliza, "Bi Masika, bega linakuuma leo?" Bi Masika, mkongwe wao, akajibu kuwa linamuuma kidogo, na wimbo ukaanza tena, polepole, kwa mwendo wa bega lile. Miaka yote Badawi alikuwa akiusikia wimbo, asikisikie kile kituo cha kuuliza.

Kesho yake sauti haikuwapo. Badawi akaimba mwenyewe.

"Baba," Bi Masika akasema, "hata punda wa kubeba chokaa anakushinda."

Wakacheka wote, naye akacheka, akamwuliza habari za bega, akangoja jibu.

Kazi ilipokwisha sultani akaamuru maji yamwagwe juu ya dari, na maji yakatuama, wala tone halikupita. Akampa Badawi joho na mbuzi mia na mke kutoka jumbani.

"Maulana," Badawi akasema, "mbuzi nitawagawia wenzangu. Hilo la mke, naomba unisamehe."

Wanaoisimulia hekaya hii humwusia kila apewaye watu kuwaongoza aanze na aliye nyuma. Lakini Badawi, kwa miaka ishirini, kila asubuhi kabla ya pigo la kwanza, alijaribu kuikumbuka sauti ya Mwanamize, isimjie. Yakamjia maneno yake tu, naye akayasema kwa sauti yake mwenyewe.