Makapi ya Yusta

"Kapi hujalipasua, usilitie moto." Jana mlimsikia shangazi yenu akilisema neno hili, mkacheka, mkaniuliza limetoka wapi. Basi cheko liishe, maana chanzo chake ni hiki.

Yusta aliolewa kule juu mlimani kwenye baridi, akitokea bondeni ambako ngano ya kisasa ukiipiga fimbo punje zinatoka uchi. Mama mkwe wake, Rahabu, alipanda ngano ya zamani aliyorithi kwa bibi yake, kwa samadi ya kondoo tu, bila dawa wala mbolea ya dukani. Majirani walimcheka. Ila mwaka ule ugonjwa wa kutu ulishuka, ukala ngano yote ya kisasa mlimani, na ya Rahabu ikabaki imesimama. Watu wakaja na vikapu mapema: "Mama, mbegu utatugawia?" Akawaahidi wote.

Ngano ilipovunwa na kukauka, Rahabu akaitwa msibani. Akamwachia mkamwana wake kazi: "Piga ngano, upepete. Makapi yachome, majivu tutachanganya na mbegu isiliwe na wadudu."

Yusta akapiga mpaka viganja vikatoka malengelenge. Punje zilizotoka hazikujaa hata kiganja. Kilichobaki ni lundo la makapi magumu, yamefumba kama midomo ya watu waliogombana.

Obadia, mdogo wa mumewe, akapita na utani wake: "Shemeji, mwaka huu mmevuna manyoya!"

Aibu ikamshika. Akajisemea, hii imetoka hewa tupu. Mama akirudi akute angalau kazi imekwisha. Akatia moto.

Mwanzo ulitoka moshi. Mara lundo likaanza kulia, pa, pa, pa, kama bisi chunguni. Ndipo ikaja harufu.

"Yusta wee!" Rahabu alikuwa anapandisha njia, kicheko mdomoni. "Unanikaangia ngano? Harufu nimeipata tangu mtoni!"

Yusta akaugeukia moto. Makapi hayanukii hivyo! Akaingiza mikono motoni, akachota, akaachia, akachota tena. Yote meusi.

Rahabu akafika, akaona. Akaokota kapi moja lililorukia pembeni, akalipasua kwa meno, akamwekea kiganjani. Ndani mlikuwa na punje mbili, zimelaliana kama mapacha.

"Nilidhani ni makapi, mama."

"Ulipasua hata moja?"

Yusta akatikisa kichwa.

"Na mimi sikukuambia kwamba hii haiachi ganda mpaka itwangwe. Nilidhani kila mtu anajua." Rahabu akakaa chini. "Watu nimewaahidi, mwanangu. Nitawaambia nini?"

Wakaokota yaliyorukia majanini, moja moja, mpaka jua likazama. Yakajaa kikombe kimoja. Kikombe kile kilichukua misimu minne kuwa mbegu ya kugawa, na misimu yote hiyo mlima mzima ulikula viazi. Mikono ya Yusta ilipona, makovu yakabaki. Kila alipomwona mtu anakimbilia kutupa kitu asichokijua, alimwonyesha viganja vyake tu, asiseme zaidi ya neno hili mlilolisikia jana.

Nami haraka zenu zinaninyima usingizi, wanangu. Kapi hujalipasua, usilitie moto.